Majalada, Maji na Njia za Mkato

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Maneno hayo tumeyazoea mno, hata tunayatamka bila kuyapima, na aghalabu tunamwekea mwenye duka peke yake. Mimi niliyeshika chaki mwaka 1972 na kuiweka chini mwaka 2010, nimeyaona yakitimia katika mambo mengine kabisa: cheti cha mtoto, barua ya ajira ya mwalimu, mipaka ya shamba la marehemu. Nimejifunza pia kwamba daftari peke yake halitoshi. Daftari lisilopatikana siku linapotakiwa ni sawa na daftari lisilokuwapo.

Kwa hiyo nataka kuzungumza na msomaji juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni upangaji na utafutaji wa mafaili, tangu zama za makasha ya boma hadi zama za kompyuta. Hasa nataka kuzitaja zile njia za mkato ambazo watu wengi, hata wanaoketi mbele ya kompyuta kila siku, hawazijui.

Sisi wa Rufiji hatuna haja ya kufundishwa maana ya njia ya mkato. Delta yetu ni mito juu ya mito, vijito visivyohesabika, na msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni akitoka Nyamisati kwenda visiwani atafuata maji mapana, kwa kuwa ndiyo anayoyaona. Nahodha mwenyeji huangalia mwezi kwanza. Akijua kuwa ni bamvua na maji yamejaa, hupenya katikati ya mikoko kwa kijito ambacho saa nne baadaye kitakuwa tope tupu. Mkato wake si uvivu wala si kubahatisha. Ni elimu ya miaka mingi iliyofupishwa ikawa safari ya saa moja.

Historia ya delta hii ina mfano maarufu wa jambo hilo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikakimbilia Rufiji na kujificha. Waingereza walipata taabu kuitafuta, maana ramani zao hazikuonyesha kwamba meli kubwa namna ile ingeweza kuingia katika delta. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima mito hiyo kabla ya vita kwa kutumia meli yao ya upimaji, Möwe, na vipimo hivyo walikuwa navyo mkononi. Ilibidi Waingereza wamtumie mwindaji mmoja aliyeifahamu nchi hii, Pieter Pretorius, wakaleta ndege na meli fupi za mizinga, Severn na Mersey, ndipo tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikapigwa hata nahodha wake akaamuru izamishwe. Watu husimulia habari hiyo kama hadithi ya mizinga. Mimi huiona kama hadithi ya masjala. Upande mmoja ulikuwa na karatasi sahihi na uliweza kuitoa siku ya haja, na kwa sababu hiyo meli moja ilidumu deltani zaidi ya miezi tisa.

Wajerumani hao hao walipokuwa wakirudi nyuma katika vita vile, walizika ardhini sehemu ya majalada ya serikali yao ili adui asiyapate. Waingereza waliyafukua baadaye. Yaliyosalia yamo katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Msomaji asidhani kwamba majalada hayo yanasema yote. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, hapa hapa Rufiji, tarehe 4 Agosti ya mwaka huo. Boma liliandika yaliyolihusu boma. Yaliyowahusu wananchi yalikaa vichwani mwa wazee hadi mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walipozunguka vijijini na kuyaandika. Hebu fikiri: miaka 63 ilipita, na katika miaka hiyo ni wazee wangapi waliozikwa na jalada lao kifuani?

Baada ya vita Waingereza walituachia utaratibu wa masjala ambao ofisi zetu zinaufuata hadi leo. Vijana hucheka wakiona karani akiandika nambari kwenye pembe ya barua, lakini kila alama pale ni njia ya mkato. "Kumb. Na." iliyo juu ya barua inamwambia karani jalada ni lipi bila ya kuisoma barua yenyewe. Nambari ya folio inamwambia barua ni ya ngapi ndani ya jalada, na kama ya 14 ikifuatiwa na ya 16, kila mtu anajua kwamba kuna iliyochomolewa. Dokezo linamwonyesha mkubwa mpya mambo yalifikia wapi kabla yake. Palikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri, na palikuwa na orodha ya majalada ambayo karani hodari aliijua kwa moyo. Nimewahi kumwona karani mzee akinyoosha mkono nyuma yake, bila kugeuka, akatoa jalada lililotakiwa. Hiyo ndiyo kompyuta tuliyokuwa nayo.

Adui wa masjala hiyo katika nchi yetu walikuwa watatu: mchwa, panya na maji. Maji ndiyo yaliyozidi. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliharibu mazao na nyumba bondeni, na mara baada yake serikali iliwahamishia watu sehemu za juu, katika vijiji vipya, kwa Operesheni Rufiji ya mwaka 1969. Nilikuwa kijana wakati huo. Watu walihama na majembe, sufuria na mikeka, lakini mashamba waliyoyaacha bondeni hayakuwa na hati. Mipaka yake ilikuwa mwembe ule na kisiki kile, na anayejua mwembe ni wa nani alikuwa mzee fulani. Mzee akifa, mpaka nao umekufa.

Nilipoanza kuongoza shule mambo hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977 madarasa yalifurika watoto, na vitabu vya uandikishaji vikajaa kabla ya vipya kuletwa. Katika kisiwa kimoja cha delta tuliweka kasha la vitabu vya shule darini, juu ya boriti, na kila mwezi wa Machi tulilipandisha juu zaidi. Shule nyingi za huko zilifanya hivyo. Hapakuwa na ufundi mwingine.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Wengi wanadhani kwamba chombo hiki kimetufikia juzi. La hasha. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ila kwa kibali maalumu. Kwa hiyo kizazi chetu cha walimu kilipita shule nzima, chuo kizima na karibu kazi nzima bila ya kuigusa. Zilipoanza kuonekana maofisini katika miaka ya 1990, kwanza zilikuwa na programu ya DOS, ambayo haikuruhusu jina la faili lizidi herufi nane. Neno "MAHUDHURIO" lina herufi kumi, hivyo likakatwa likawa "MAHUDHUR". Ilipotoka Windows 95, mwezi wa Agosti 1995, ndipo mtu akaweza kuliita faili lake kwa jina linaloeleweka.

Palikuwa na utata mwingine ambao hata leo huwasumbua wazee wenzangu ninaowafundisha hapa Kibiti. Katika masjala, faili ni jalada lenye barua nyingi ndani yake. Katika kompyuta, faili ni barua moja tu, na kile sisi tunachokiita faili wao wanakiita folda, au kabrasha kwa Kiswahili cha zamani. Mzee akishaambiwa hivyo, nusu ya hofu humtoka. Anatambua kwamba yumo masjalani, ila shubaka ni za kioo.

Njia za mkato za kompyuta nazo zina wenyewe waliozitunga. Mmoja wao ni Larry Tesler, Mmarekani aliyefariki mwaka 2020. Katika miaka ya 1970, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, yeye na wenzake walitengeneza utaratibu wa kukata maneno, kuyanakili na kuyabandika mahali pengine. Mwaka 1983 kompyuta ya Apple iitwayo Lisa ilizitumia herufi nne zilizopangana chini kushoto, yaani Z, X, C na V, kwa kutengua, kukata, kunakili na kubandika. Ni zile zile zinazotumika leo pamoja na kitufe cha Ctrl. Walichagua herufi zilizo karibu na kidole, kama karani yule aliyeweka jalada linalotakiwa mara nyingi karibu na mkono wake.

Hizo nne karibu kila mtu anazijua. Nitazitaja nyingine ambazo nimeona zikiwasaidia walimu na makarani, kwa kompyuta zenye Windows, ambazo ndizo nyingi huku kwetu.

Kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi E, masjala inafunguka papo hapo, bila kusaka kipicha chochote. Ukiwa ndani ya folda yenye majina mengi, usiteremke kwa kipanya kama mtu anayehesabu viazi. Andika haraka herufi za kwanza za jina unalolitaka, nayo kompyuta itakuruka hadi hapo. Ukitaka kurudi kwenye folda iliyo juu yake, bonyeza Alt pamoja na mshale wa juu. Ukitaka folda mpya, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja.

Kubadili jina la faili ni kitufe cha F2. Hilo baadhi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukimaliza kuandika jina, ukabonyeza Tab badala ya Enter, kompyuta inakupeleka kwenye faili linalofuata likiwa tayari kubadilishwa jina. Mtu mwenye mafaili mia moja ya kubadili huokoa nusu siku. Na kama mafaili ni ya jamii moja, yachague yote, bonyeza F2, andika jina mara moja, kisha Enter: yote yatachukua jina hilo, kila moja na nambari yake kwenye mabano. Hizo ndizo folio.

Kuhusu tarehe, nina ushauri ambao si wa kitufe bali ni wa kichwa. Sisi huandika 12/4/2024, lakini kompyuta hairuhusu mkwaju ndani ya jina la faili. Ukiandika 12-4-2024 itakubali, ila itayapanga mafaili yako kwa siku badala ya mwaka, na barua ya 1998 itakaa katikati ya za 2020. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-12. Hapo barua zitajipanga zenyewe kwa umri, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi.

Jambo jingine ni kuhamisha. Ukiliburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile, linahama. Ukiliburuta hadi kwenye flashi, linanakiliwa na la kwanza linabaki. Wengi hawaijui tofauti hiyo, na hulia kwamba faili limepotea kumbe limehama. Ukishika Ctrl wakati wa kuburuta, unailazimisha kompyuta inakili. Ukishika Shift, unailazimisha ihamishe. Na ukiona umekosea, Ctrl na Z hutengua hata uhamishaji na ubadilishaji wa jina, si maneno ya barua tu.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yana uzito gani kwa mtu wa delta? Nitamjibu kwa kisa kimoja.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja, mjane wa mwalimu aliyefundisha visiwani kwa miaka mingi. Mumewe alifariki akiwa ameshastaafu, na mafao mengine hayakuwa yamelipwa. Ofisi aliyokwenda ilimtaka alete barua ya marehemu ya kuthibitishwa kazini. Nakala ya nyumbani ilikuwa imeliwa na maji, na jalada la marehemu lilisemekana halionekani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaketi mkekani. "Wameniambia nirudi na karatasi. Sasa mimi karatasi nitaitoa wapi?"

"Marahaba, mama. Marehemu alifundisha shule gani kwanza?"

Alinitajia. Nilikumbuka kwamba shule hiyo ilikuwa imepata kijana wa kujitolea aliyezipiga skani karatasi zote za zamani kabla ya kasha kuoza. Kazi ile ilikuwa njema sana, ila mafaili yalibaki na majina yaliyopewa na mashine: Scan0001, Scan0002, hadi mia sita na kitu. Karatasi zilikuwa zimeokoka na maji, zikazama katika majina.

Tuliketi mimi na mwalimu mmoja kijana mbele ya kompyuta ndogo iliyochajiwa kwa umeme wa jua. Kufungua faili moja moja kungetuchukua wiki. Kijana akashika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, na picha za mafaili zikakua hadi tukaweza kuona kichwa cha kila barua bila kuifungua. Palipokuwa na shaka alibonyeza Alt na P, na barua ikaonekana kubwa kando. Mimi nikamwambia, "Tusipite bure, mwanangu. Kila tunayoitambua tuipe jina." Akafanya hivyo kwa F2 na Tab: mwaka, jina la mwalimu, aina ya barua. Siku ya pili, mchana, tukaiona. Ilikuwa ya mwaka 1983, ina doa la kutu la pini, lakini inasomeka.

Hata hivyo si picha ile iliyomlipa mjane. Ofisi hupenda karatasi yake yenyewe, na ina sababu zake. Kilichomsaidia ni mstari mmoja juu ya barua: Kumb. Na. Karani wa masjala alipoona nambari hiyo alijua kwamba jalada liliwahi kubadilishwa nambari wakati wa uhamisho, akaenda shubaka nyingine, akalitoa. Miezi saba baadaye mama yule alinipigia simu kuniambia fedha imeingia na mjukuu ameanza sekondari. Njia ya mkato mpya ilituonyesha njia ya mkato ya zamani.

Katika mwaka 2017 nchi nzima ilisikia habari za uhakiki wa vyeti, ambapo watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waliodanganya walistahili kuondoka. Lakini zoezi kama hilo humtia jasho hata mkweli, ikiwa cheti chake kiliwahi kulala ndani ya maji. Mbele ya meza ya mhakiki, mkweli asiye na karatasi na mwongo mwenye karatasi hawatambulikani kwa uso.

Wapo watakaoniambia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba njia za mkato zinaharibu vijana. Nakubali kwamba zipo zinazoharibu. Shift pamoja na Delete, kwa mfano, hulifuta faili moja kwa moja bila kulipitisha kwenye pipa la taka, na hapo hata Ctrl na Z haikusaidii. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wasahau kabisa kwamba vitufe hivyo vinaweza kukutana. Njia ya mkato iliyo njema ni ile ambayo aliyeitumia anaijua pia ndefu. Nahodha anayepenya mikokoni anajua mto mkuu uko wapi. Anayebadili majina ya mafaili mia kwa pigo moja ayanakili kwanza mahali pengine.

Na mahali pengine pawe mbali kweli. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizifikia tena wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaingia mashambani, majumbani na madarasani. Kompyuta nayo ikilowa hufa, tena hufa na karatasi elfu kwa mpigo. Kwa hiyo ninawasihi walimu wakuu na watendaji wa vijiji wawe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi kabatini, na ya tatu kwa mtu anayeaminika anayekaa juu ya bonde, au katika hifadhi ya intaneti pale mtandao unapofika. Wakifunga shule mwezi wa Desemba wazifungue zote tatu na kuhakikisha zinasomeka, maana flashi nayo huchoka.

Sisi wazee tuliohamishwa na maji tukiwa vijana tunaweza bado kufanya kazi moja. Kijana ana vidole vyepesi, lakini hajui sura ya mwalimu fulani wala kijiji kilichohama jina. Mzee anajua, ila vidole vyake vizito. Waketi pamoja mbele ya kasha la karatasi na kompyuta moja, mmoja ataje, mwingine aandike, F2 na Tab, F2 na Tab, kabla masika haijaingia.